Kizito wa Jikoni na Maji Taka ya Kambi Mvua

Kila asubuhi Nasike aliamka kabla ya wote. Aliwasha jiko, akateleka chai, kisha akatoka nje kufagia. Watu wa mtaa wa Kambi Mvua walimjua kwa ufagio wake. Ukipita hapo asubuhi na kukuta uwanja haujafagiwa, ujue Nasike ni mgonjwa au amesafiri kwao Bungoma.

Kambi Mvua ni mtaa wa nyumba za zamani za kaunsili, pembeni mwa mji wa Kitale. Nyumba zimepangwa kwa mistari. Kila mstari una choo cha kumwaga maji, na maji ya vyoo vyote hupita chini kwa chini katika bomba moja hadi kwenye mabwawa ya maji taka.

Nasike aliishi hapo na mwanawe Mukhwana, mkwewe Viola, na wajukuu. Mukhwana aliendesha trekta kwenye mashamba ya mahindi mahali paitwapo Kwanza, akirudi nyumbani mwisho wa wiki. Viola aliuza mitumba. Siku za soko alienda mpaka Kachibora na kurudi jioni amechoka. Kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa Nasike, wala hakulalamika. Alikuwa mtu wa kupenda kutawala, na nyumba ile ilimtosha.

Wajukuu walikuwa Nanyama, Jairus na Kizito. Nimewataja tu kwa majina, sijawahesabu, na punde utajua kwa nini. Kizito ndiye kitindamimba. Alikuwa ametimiza miaka miwili. Alipewa jina la babu yake, marehemu mume wa Nasike, na alimfuata babu huyo kwa mambo mengi. Alipenda muwa na hakupenda kuharakishwa.

Asubuhi moja Nasike alipokuwa akifagia, aliona watu wawili nyuma ya choo. Mmoja alikuwa Rotich, fundi wa mabomba ya maji taka, ambaye kila mtu mtaani alimjua. Wa pili alikuwa mwanamke aliyevaa glavu, buti za mpira na kitambaa cha kuziba mdomo. Rotich aliinua mfuniko wa chuma wa shimo la bomba. Akateremsha ndoo ndogo kwa kamba, akachota. Yule mwanamke akamimina maji hayo taratibu katika chupa, akaifunga vizuri, akaifuta, kisha akaiweka katika sanduku la barafu.

Nasike alisimama na ufagio wake. Katika maisha yake alikuwa ameona maziwa yakiwekwa kwenye barafu, na samaki, na hata soda. Uchafu wa choo hakuwahi kuuona ukitunzwa hivyo.

"Sasa hiyo mnapeleka wapi?" aliuliza.

"Nairobi, mama," akajibu yule mwanamke. "Kuna maabara huko."

"Ati Nairobi? Kwani huko hawana yao?"

Rotich alicheka mpaka kamba ikamponyoka mkononi. Yule mwanamke naye alicheka, lakini alivua glavu, akanawa mikono kwa sabuni, akamsogelea Nasike na kumsalimu. Alisema anaitwa Chesang. Ni afisa wa afya, na kwao ni Saboti. Nasike akamwita daktari, kama watu wa Kambi Mvua wanavyomwita kila mtu anayetoka hospitali, hata mlinzi wa lango.

Chesang alimweleza. Polio ni ugonjwa unaoletwa na virusi, vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Virusi hivyo humwingia mtoto kwa mdomo na kukaa katika utumbo wake, kisha hutoka na choo. Mikono isipooshwa, au maji ya kunywa yakichafuka, virusi huingia mdomoni mwa mtoto mwingine. Katika mamia ya watoto walioambukizwa, huenda mmoja tu ndiye akapooza. Wengine hupata homa kidogo, na wengi hawapati chochote. Wanacheza, wanakula, wanagombana. Lakini wote hao wanatoa virusi chooni.

"Polio imeonekana tena nchi jirani," Chesang alisema. "Na Kitale hapa watu wanapita kila siku. Tukingoja mpaka mtoto apooze ndio tujue, tutakuwa tumechelewa. Hii maji inatuambia mapema."

Nasike alifikiri kidogo. "Na mtajua ni ya nani?"

"Hapana. Hapa maji ya nyumba zote imechanganyika. Hatuwezi kujua ni ya nani, na hatutafuti kujua."

Nasike akasema hiyo ni sawa, kwa sababu mambo ya choo ni siri ya mtu. Akarudi kwenye ufagio wake. Lakini siku ile alifagia mahali pamoja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jambo lililomsumbua lilikuwa hili. Kizito hakuwahi kupata matone ya polio.

Miaka mingi nyuma, Nasike akiwa bado mama kijana huko Bungoma, alikuja karani wa kuhesabu watu. Karani yule aliwapanga watoto wa Nasike mbele ya nyumba, akawanyooshea kidole na kuwahesabu kwa sauti. Mama mkwe wa Nasike alikasirika sana. Alisema mtoto hahesabiwi, kwani ukitaja idadi yao umewaonyesha kwa mabaya. Mwaka huohuo surua iliingia kijijini. Ilipita nyumba nyingi, na katika nyumba ya Nasike ikamchukua Eliakim, mtoto wake wa kwanza. Surua haikuletwa na kidole cha karani. Ilikuwa imeanza vijiji vingine kabla yake, na ingekuja tu. Lakini mama aliyetoka kuzika hafikirii hivyo. Tangu siku ile Nasike hakukubali watoto wake wasimame wote mbele ya mtu mwenye kalamu.

Basi wachanjaji walipokuja mlangoni, Nasike aliwatoa wajukuu nje. Lakini aliacha mmoja ndani, ili hata wakihesabu, hesabu isitimie. Aliyebaki daima alikuwa Kizito, kwa sababu alibeba jina la babu. Alipewa kipande cha muwa, akakaa jikoni, na mtoto mwenye muwa hana kelele. Wachanjaji waliuliza kama kuna wengine. Nasike alisema ni hao tu. Wakaandika kwa chaki mlangoni kwamba nyumba imemalizika, wakaenda.

Kliniki pia hakufika. Viola alikuwa sokoni na kazi hiyo ilikuwa ya Nasike. Alimpeleka Kizito mara moja tu. Alimkuta nesi akiwahesabu watoto benchini kwa kidole, akageuka mlangoni na kurudi nyumbani. Viola alipouliza, aliambiwa mtoto yuko sawa.

Na kwa kuwa watoto wakishapata matone hupakwa wino kwenye kidole kidogo, Nasike alitafuta njia hata hapo. Alichukua biro ya Mukhwana akampaka Kizito. Viola alirudi jioni, akaona vidole vyote vina alama, akamshukuru mama mkwe wake kwa kumtunzia watoto. Shukrani ile ilimchoma Nasike, lakini alinyamaza.

Chupa ya kwanza ilienda Nairobi, na baadaye Chesang na Rotich wakachota nyingine. Jirani mmoja, kwa kuogopa mtaa usipate sifa mbaya, alianza kumwaga Jik, ile dawa kali ya kusafishia, chooni kila alfajiri. Rotich aliisikia harufu akamwomba aache. Alimwambia kuua virusi ndani ya bomba si kuviua ndani ya watoto.

Kisha chifu akaita baraza. Watu walikusanyika uwanjani, wengine wakiwa na hasira hata kabla ya kusikia. Chesang alisimama akasema maji ya Kambi Mvua yamepatikana na virusi vya polio, mara ya kwanza na mara ya pili.

Gachanja, mwenye duka la kona, alisimama. "Daktari, hapa hakuna mtoto amepooza. Na kila mlango iko na chaki. Sasa hiyo virusi imetoka wapi? Si ni hawa wageni wanalala kwa malojing'i wakitoka Lodwar?"

Watu wakamuunga mkono kwa minong'ono. Mgeni ni mtu rahisi wa kulaumiwa, maana asubuhi amekwisha ondoka.

Chesang hakubishana. Alisema huenda virusi vililetwa na mgeni, hata mtoto wa mgeni. Lakini mgeni hupita. Virusi vilivyoonekana mara mbili vimepata mahali pa kukaa. Na haviwezi kukaa mtaani bila kupata watoto ambao matone hayajawafikia.

"Ukionja chai kwa kijiko kimoja, utajua kama sufuria nzima imetiwa chumvi," alisema. "Hutajua ni nani ameitia. Sisi tumeonja tu. Hatujui ni nyumba gani. Lakini tunajua kuna watoto wamebaki."

"Na chaki?" Gachanja akauliza tena.

"Chaki inasema tulibisha mlango. Haisemi kila mtoto alitoka nje."

Nasike alikuwa amekaa nyuma kabisa, na hakuna aliyemtazama. Hata hivyo aliona kana kwamba baraza lote limegeuza shingo. Alishika kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

Chesang aliendelea. Matone yatatolewa tena, safari hii kuanzia Kitale hadi Bungoma, kwa sababu Agosti inakaribia. Ulikuwa mwaka wa tohara kwa Wabukusu, watu wa kabila la Nasike. Watu wengi wa mtaa wangesafiri kwenda kwao na watoto, na mtoto aliyebeba virusi angevipeleka bila yeye wala mama yake kujua. Huko vijijini hakuna bomba la maji taka la kuchotwa, kuna vyoo vya shimo tu. Huko kazi inategemea macho ya watu. Mtoto akilegea mguu au mkono ghafla, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asisubiriwe kuona kama atapona.

Maneno hayo yalimwingia Nasike kama yanamhusu peke yake, na kweli yalimhusu. Mjukuu wa shemeji yake, huko Chwele, Bungoma, alikuwa anatahiriwa Agosti hiyo. Nasike alikuwa ameahidi kwenda mapema kusaidia kupika, na alikuwa ameahidi kwenda na Kizito, ili wazee wamwone aliyebeba jina la ndugu yao. Mkoba ulikuwa umekwisha fungwa. Boma lile lingejaa watoto wadogo, wote wakichezea uwanja mmoja na kunywa maji ya mtungi mmoja.

Siku chache baadaye Kizito aliamka na joto kidogo mwilini. Nasike alimpa uji na kumfunika. Kufikia mchana mtoto alisema anataka muwa, na Nasike akafurahi, akampa. Kizito akatoka jikoni akitembea na muwa wake. Katikati ya uwanja akaanguka.

Hakulia, wala hakusimama.

"Kizito, simama," Nasike akasema.

Mtoto alibaki chini. Nasike akamwita tena, na tena hakusimama. Nasike akatupa mwiko akakimbia. Miguu yake yenyewe ilikuwa ya kizee, lakini siku ile haikuonekana hivyo. Alipofika alimkuta Kizito ameinama, pua karibu na udongo. Alikuwa ameona sisimizi wakibeba punje ya mahindi. Alikuwa anawatazama.

Nasike alimshika mguu mmoja, akaukunja na kuukunjua. Akashika wa pili. Kizito alicheka akidhani ni mchezo, akapiga teke. Hapo Nasike akakaa chini palepale kwenye uwanja alioufagia mwenyewe, akalia. Alilia kwa hofu aliyokuwa ameibeba kimya tangu siku ya baraza, na kwa aibu. Kwa mara ya kwanza alijiuliza, huku kuficha kwake kulikuwa kunamkinga nani.

Hata hivyo hakwenda kumtafuta Chesang. Kuogopa kwa miaka mingi hakuishi kwa mchana mmoja. Alijiambia kwamba wachanjaji wakija ataona la kufanya.

Walikuja kesho yake. Chesang alikuwa pamoja na mchanjaji kijana aliyebeba sanduku la chanjo begani. Viola alikuwa Kachibora. Nasike aliwatoa nje Nanyama na Jairus, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukawa umeufunga mlango wa jikoni.

Yule kijana akanyoosha kidole. "Moja, mbili..."

Nasike alisogea mbele ya watoto kama mtu anayezuia mbwa. Chesang aliona. Aliushika mkono wa mwenzake akaushusha polepole, akamwambia ahesabu matone, asihesabu watoto. Kisha akakaa kwenye kigoda, karibu na Nasike.

"Kukhu," alisema, akitumia jina wanalolitumia wajukuu kwa nyanya yao, "kwetu Saboti nyanya yangu hakukubali hata ng'ombe zake zihesabiwe. Lakini jioni alikuwa anasimama kwa lango la boma anaziita. Kila moja na jina yake. Akiita moja isikuje, anajua hiyo ndio imepotea, na hatulali mpaka ipatikane."

Nasike alisikiliza.

"Mimi sitakuuliza wako wangapi. Waite tu. Wote."

Nyuma ya mlango wa jikoni ilisikika sauti ya mtu akitafuna muwa bila haraka. Kila mtu aliisikia, na kila mtu alijifanya hajaisikia.

"Na mkishampa, mnaandika nini?" Nasike akauliza.

"Tunaandika matone tumetoa, ndio tujue dawa imebaki kiasi gani. Mtoto anabaki kuwa wako."

"Na hiyo maji ya bomba? Hiyo haihesabu watu?"

"Hiyo haijui hata jina ya mtu. Inasema tu kama kuna aliyeachwa."

Nasike alisimama. Akageukia mlango wa jikoni. Jina lile alilitaja kwa sauti ndogo, kwa sababu lilikuwa la mumewe kabla halijawa la mtoto.

"Kizito. Kuja, baba."

Mlango ukasukumwa kwa ndani. Kizito akatoka na muwa wake, akawatazama wageni mmoja baada ya mwingine kama mzee aliyeamshwa usingizini.

"Huyu hajawahi," Nasike akasema. "Hata mara moja. Mimi ndiye nilimficha."

Chesang hakumkemea. Alimpakata Kizito, akambonyeza mashavu kidogo, na matone mawili yakaingia. Kizito akakunja uso, kisha akarudisha muwa mdomoni. Mchanjaji akampaka wino wa zambarau kwenye kidole kidogo. Safari hii haukuwa wa biro.

Kisha Chesang alimweleza Nasike mambo ambayo hakuwa ameyajua. Matone ya mara moja hayatoshi. Mtoto anahitaji kuyapata tena na tena kabla mwili wake haujawa na kinga kamili, na ndiyo sababu wachanjaji hurudi hata nyumba yenye chaki. Matone ya ziada hayamdhuru. Polio ikishampooza mtoto hakuna dawa ya kuurudisha mguu wake, kwa hiyo njia ni moja tu, kukinga mapema. Zaidi ya hapo, watu wote wa nyumba wanawe mikono kwa sabuni wakitoka chooni na kabla ya kula, na maji ya kunywa yachemshwe.

Nasike akauliza kama Kizito tayari anavyo virusi hivyo. Chesang akasema hilo haliwezi kujulikana kwa kumtazama. Akamshauri asimpeleke Bungoma kwanza, angoje mpaka apate matone tena kliniki, na safari iwe baadaye kidogo. Pia awaambie watu wa Chwele wasubiri wachanjaji na wasifiche mtoto. Nasike akafungua mkoba uliokuwa umefungwa, akatoa nguo za Kizito moja moja na kuzirudisha sandukuni.

Jioni Viola alirudi na mzigo wake wa mitumba. Alimbeba Kizito, akaona kidole.

"Mama, mbona hii wino si kama ya ile siku?"

Nasike angeweza kutafuta uongo mwingine. Badala yake alimwambia yote, tangu karani na Eliakim hadi biro ya Mukhwana. Viola alisikiliza akiwa bado amesimama. Mwishowe aliketi juu ya mzigo wa nguo.

"Si ungeniambia tu," alisema. "Mimi ningeenda na yeye kliniki, hata kama ni kuacha soko. Hii ni miguu ya mtoto wangu, mama."

Usiku huo walikula bila mazungumzo. Asubuhi Viola alichukua ufagio, akafagia uwanja kabla ya mama mkwe wake kuamka. Nasike alipotoka akakuta pamefagiwa, alisimama mlangoni akaelewa kwamba amesamehewa, au karibu.

Walienda kliniki pamoja. Nesi alipoanza kunyoosha kidole benchini, Viola alimwomba kwa heshima awaite watoto kwa majina. Nesi alishangaa, lakini akaita. Kina mama wengine wawili watatu walionekana kushusha pumzi. Kumbe Nasike hakuwa peke yake.

Mukhwana alirudi kutoka Kwanza akaelezwa. Hakumlaumu mama yake. Alitoa simu yake, wakampigia shemeji huko Chwele, na Nasike akazungumza kwa muda mrefu mpaka pesa za simu zikaisha.

Kizito alipopata matone ya pili, wakasafiri. Boma la Chwele lilikuwa limejaa. Mtahiriwa alikuwa akizunguka kwa jamaa akipiga njuga zake na kuimba, na kundi zima nyuma yake. Wanawake walikuwa kwenye masufuria. Katikati ya shughuli hizo wachanjaji wakaingia, maana kampeni ilikuwa imefika hadi huko.

Nasike aliona kilichotokea na akakitambua mara moja. Watoto wengine walisukumwa mbele, na wengine wakapotelea migombani. Mama mmoja aliwaambia wageni kwamba ni hao tu. Mchanjaji akatoa kalamu.

Nasike akaweka mwiko chini, akaenda akasimama katikati ya uwanja.

"Usinyoshe kidole," alimwambia mchanjaji. "Wewe hesabu matone yako. Watoto ni wangu kuita."

Kisha akaita. Alijua majina yote, kwa sababu nusu yake yalikuwa ya watu aliowazika. Mtoto mmoja akatoka migombani. Mwingine akatoka nyuma ya ghala, mwingine chini ya meza ya wapishi. Mama mmoja akakataa kumwachilia wake. Nasike hakumvuta. Alimwambia tu habari ya sisimizi na mguu wa Kizito, na jinsi alivyokaa chini akalia. Yule mama akalegeza mkono.

Walirudi Kitale Septemba. Chesang na Rotich waliendelea kuchota maji nyuma ya choo, na chupa ziliendelea kwenda Nairobi katika barafu. Majibu ya kwanza baada ya kampeni yalirudi bila virusi. Chesang akamwambia Nasike asifurahi mapema, wangoje. Yaliyofuata pia yakaja safi, na yaliyofuata hayo. Siku hiyo Chesang alipita kwa Nasike, akakaa kwenye kigoda akanywa chai. Hakuna mtoto wa Kambi Mvua aliyepooza. Wangeendelea kuchota hivyo hivyo, alisema, kwa sababu maji yakinyamaza leo hayajaahidi kunyamaza kesho.

"Chota tu," Nasike akasema. "Hiyo ya kwetu wameizoea Nairobi."

Jua lilipoanza kushuka, Chesang akaondoka. Nasike alisimama mlangoni kuwaita wajukuu waje wanawe mikono wale. Alikuwa amefanya hivyo kila jioni tangu siku ile ya matone. Akaita Nanyama, akaja. Akaita Jairus, akaja. Akamwita Kizito, na kwa muda hakuna aliyeitika.

Nasike hakuingia ndani. Alingoja palepale, macho yake kwenye kona ya choo. Kisha Kizito akatokea, muwa mkononi, akija mbio kwa miguu yote miwili.